Lenzi Imezama Sinkini: Kununua Lenzi za Macho Ukiwa Ugenini

Lenzi yangu ya kulia ilizama kwenye tundu la sinki la hoteli, Deira, Dubai, siku ya pili ya safari ya siku kumi. Nilikuwa nimekwenda kuchukua mzigo wa viatu na mikoba. Miwani nilikuwa nimeiacha Dar, kwenye droo, kwa sababu kioo kimoja kina mkwaruzo na niliona haya kuivaa mbele za watu. Miwani hiyo ni ya −5.50. Kwa asiyejua maana ya namba hiyo: bila miwani wala lenzi, kinachozidi shubiri moja kutoka usoni kwangu ni ukungu mtupu.

Nikaingia duka la kwanza la miwani nililoliona. Nikatoa karatasi ya vipimo vya miwani niliyokuwa nayo kwenye pochi. Kijana akaisoma, akafungua droo, akanipa boksi la lenzi za −5.50. Dakika tano nikawa nje. Kufika alasiri kichwa kilikuwa kinagonga, na usiku macho yakawa kama yamemwagiwa mchanga. Kesho yake nikaenda duka jingine, na dada aliyekuwa kaunta hakugusa droo yoyote. Aliniuliza tu, "Boksi lako la zamani liko wapi?"

Lilikuwa nyumbani, Mbezi. Nikampigia binti wa dada yangu. "Mama mdogo, boksi gani? La bluu?" Ndiyo, la bluu. Akapiga picha ya upande wa boksi, akaituma WhatsApp, na pale pale tukaona kosa. Namba ya lenzi zangu ni −5.25, siyo −5.50, na hata umbo la zile nilizouziwa halikuwa langu. Yanayofuata niliyajua baada ya safari hiyo, mengine kwa kuuliza, mengine kwa kuumia.

Saa ya kwanza

Kwanza hakikisha lenzi imepotea kweli. Mara nyingi imejikunja tu na kujificha chini ya kope la juu. Haiwezi kwenda nyuma ya jicho, maana utando unaofunika jicho hujikunja na kuungana na kope, hivyo njia imefungwa. Tazama chini, inua kope, na umwombe mtu akuangalizie kwa tochi ya simu.

Ukiikuta sinkini au sakafuni, usiisuuze kwa maji ya bomba, wala ya chupa, wala mate. Kuna kijidudu kinaitwa Acanthamoeba kinachoishi kwenye maji ya kawaida, hata yale tunayokunywa bila shida. Kikinasa kwenye lenzi na kuingia kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, matibabu yake ni ya miezi na wapo waliobaki na kovu la kudumu. Lenzi iliyoanguka husuguliwa kwa dawa yake ya kusafishia na kulazwa humo kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kama ni ya kuvaa siku moja na kutupa, au imechanika, tupa.

Je, uvae moja iliyobaki? Mimi nilivaa ili nifike dukani, na kwa safari fupi ya miguu inawezekana. Usiendeshe gari hivyo. Jicho moja likiona na jingine lisione, ubongo hupotea kwenye kukisia umbali, na ngazi za hoteli zitakukumbusha.

Tafuta namba za lenzi, siyo za miwani

Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Kioo cha miwani hukaa milimita 12 hivi mbele ya jicho, lenzi hukaa juu ya jicho lenyewe. Nafasi hiyo ndogo hubadilisha nguvu inayohitajika. Kwa wenye namba ndogo tofauti haionekani, lakini kuanzia 4.00 hivi huanza kuhesabika: miwani ya −4.00 huwa lenzi ya −3.75, ya −6.00 huwa −5.50, ya −8.00 huwa karibu −7.25. Kwa wenye namba za kujumlisha mambo hugeuka, lenzi huhitaji nguvu kubwa kuliko miwani. Nimezitaja ili uone ukubwa wa tofauti. Usizitumie kujipigia hesabu na kuagiza mwenyewe.

Tena karatasi ya miwani haisemi lolote kuhusu umbo, na lenzi ni kitu cha kuenea, kama kiatu. Upande wa boksi lako, na juu ya foili ya kila kikopo kidogo, utakuta mambo haya:

Nguvu huandikwa PWR, SPH au D tu, ikiwa na alama ya kutoa au kujumlisha. Iangalie sana hiyo alama. BC ni mbonyeo wa lenzi kwa milimita, kwa mfano 8.4 au 8.6, namba ikiwa ndogo lenzi imebonyea zaidi. DIA ni upana wake, mara nyingi kati ya 13.8 na 14.5. Mwenye astigmatizimu, yaani konea isiyo duara sawasawa, ataona pia CYL na AXIS, na mwenye lenzi za kuonea mbali na karibu kwa pamoja ataona ADD. LOT ni namba ya mkupuo wa kiwandani, EXP ni mwisho wa kutumika.

Jina la lenzi nalo ni sehemu ya vipimo. Acuvue Oasys za wiki mbili hutengenezwa kwa BC mbili, 8.4 na 8.8. Biofinity za kawaida ni 8.6, na Dailies AquaComfort Plus ni 8.7. Lakini 8.6 ya kampuni moja haikai sawasawa na 8.6 ya nyingine, kwa sababu malighafi na ukingo vinatofautiana. Muuzaji akikwambia "hii ni ile ile", muulize ni ile ile kwa nini.

Huna boksi wala picha? Tafuta kwenye barua pepe kama uliwahi kuagiza mtandaoni. Piga simu duka ulilonunulia nyumbani, waambie wakutumie kumbukumbu yako kwa WhatsApp ikiwa na jina la duka na tarehe. Kumbuka saa: ukiwa New York, maduka ya huko yakifungua saa tatu asubuhi, Dar tayari ni saa kumi au kumi na moja jioni na watu wanafunga. Piga ukiamka alfajiri.

Na herufi za macho zisikuchanganye. Jicho la kulia ni R au OD, la kushoto ni L au OS. Ufaransa la kushoto huandikwa OG, Hispania OI. Ulaya bara desimali huandikwa kwa mkato, kwa hiyo −5,25 ni ile ile −5.25. Wachina ndio hawana nukta kabisa: huzidisha kwa 100 na kusema digrii 525. Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou aijue hesabu hiyo, maana ukimwonyesha muuza lenzi 5.25 anaweza kukukodolea macho mpaka mtu aandike 525 kwenye kikokotoo.

Nchi uliyopo inataka nini

Dubai na Muscat, maduka ya miwani yako kila jengo la biashara na mengi yana chumba cha kupimia macho. Kwa lenzi za kawaida, namba kamili za boksi hutosha mara nyingi. Wepesi huo ndio ulioniponza. Usiingie kwa kusema "nataka −5.50", ingia kwa kuonyesha picha ya boksi. Muscat utapata nafuu nyingine: ni mji wenye Waomani wengi wazungumzao Kiswahili, na ukieleza maumivu ya jicho kwa lugha yako unaeleza vizuri zaidi. Kaa mbali na lenzi za rangi za meza za vipodozi, hata kama zinang'aa vipi, maana hizo nazo zinagusa konea kama lenzi nyingine.

China imeziweka lenzi na dawa yake kwenye daraja la tatu la vifaa tiba, lenye udhibiti mkali kuliko yote, na muuzaji lazima awe na leseni. Kwa mnunuzi maana yake ni moja: nenda duka halisi la miwani, siyo kibanda cha soko la jumla ulikokwenda kuchukua mzigo. Angalia pia muda wa matumizi, kwani huko lenzi za miezi sita na za mwaka bado huuzwa sana. Kama umezoea za siku moja, usijikute umebeba ya mwaka mzima usiyojua kuitunza.

Ulaya bara hutofautiana. Ujerumani, maduka kama dm na Rossmann huuza lenzi za namba za kawaida rafuni, jirani na sabuni na miswaki. Uholanzi utazikuta kwenye maduka ya Kruidvat na Etos. Ni msaada mkubwa kwa mwenye namba ya kawaida anayejua vipimo vyake. Ila Jumapili Ujerumani karibu kila duka limefungwa. Rafuni pia huoni lenzi za astigmatizimu za kila aina, na hakuna wa kukuuliza kitu.

Uingereza ni ngumu zaidi. Sheria ya mwaka 1989 inasimamia uuzaji wa lenzi, na muuzaji wa huko anatakiwa awe na vipimo vya lenzi ambavyo muda wake haujaisha. Usitegemee karatasi ya Dar au Nairobi kukubaliwa. Njia fupi ni kuomba miadi ya lenzi kwenye duka la miwani, ukaenda na picha ya boksi na miwani yako, ukaeleza kwamba wewe ni msafiri. Jambo la kujua: maduka makubwa ya huko huuza lenzi zenye jina la duka, mfano easyvision za Specsavers, ambazo kwa kweli hutengenezwa na kampuni zile zile kubwa. Mtaalamu anaweza kukuambia lenzi yako ya nyumbani inafanana na ipi. Na wewe uliyeko London ukinunua hizo, uliza jina la asili kabla hujarudi, la sivyo Mombasa hakuna atakayeijua.

Marekani ndiyo yenye kanuni zilizo wazi kuliko zote. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2003, lenzi haziuzwi bila cheti cha vipimo cha daktari, na hata za rangi zisizo na nguvu yoyote zinahesabiwa. Muuzaji wa mtandaoni humtafuta daktari aliyeandika cheti, na daktari ana saa nane za kazi za kujibu. Sasa fikiria kampuni ya Texas inapiga simu zahanati ya Arusha. Wauzaji wengi hawaendi huko kabisa. Hivyo panga kupimwa palepale, na ujue kuwa kupima kwa ajili ya miwani na kupima kwa ajili ya lenzi ni malipo mawili tofauti. Uzuri wake ni kwamba kipimo kikikamilika daktari analazimika kukupa nakala ya cheti hata usipoiomba, na kwa kawaida cheti hicho hudumu mwaka mmoja au zaidi. Kihifadhi.

India, wanakokwenda ndugu zetu wengi kwa matibabu, lenzi hupatikana kirahisi katika maduka ya miwani ya miji mikubwa. Kama umemsindikiza mgonjwa kwenye hospitali yenye kitengo cha macho, anza hapo hapo.

Ukiwa dukani

Neno la kwanza liwe kuomba lenzi za majaribio. Watu wengi hawajui kwamba maduka yenye mtaalamu hupewa na kampuni jozi za kujaribia, na msafiri aliyepoteza lenzi moja anaweza kuvushwa na jozi hiyo siku kadhaa. Omba kwa adabu, ukiwa tayari kulipia kipimo. Mimi dada wa duka la pili alinipa jozi, akaniambia nikae nayo siku moja kabla ya kununua boksi.

Ukilazimika kununua, nunua kidogo. Boksi la lenzi za siku moja ndilo ninalolipendekeza kwa msafiri, hata kama nyumbani unavaa za mwezi: hazihitaji dawa wala kikasha, na ukirudi unaendelea na zako. Hesabu siku zilizobaki, ongeza tatu.

Kabla ya kulipa, soma boksi mwenyewe, jicho kwa jicho. Mihuri iwe mizima. LOT na EXP za boksi zifanane na za vikopo vya ndani. Tarehe huanza na mwaka, 2027-05 ni Mei 2027. Ulaya, alama ya CE kwenye lenzi huambatana na tarakimu nne. Boksi lililofunguliwa na kufungwa kwa gundi liache, hata kwa nusu bei. Hasa kwa nusu bei.

Kama una astigmatizimu, jiandae kusubiri. Lenzi hizo zina mhimili, na duka haliwezi kuweka kila mchanganyiko wa namba, kwa hiyo huagizwa na huchukua siku kadhaa. Wapo wanaopewa lenzi ya kawaida ya kuwavusha. Utaona, ila herufi zitakuwa na kivuli. Wenye lenzi ngumu, au waliotengenezewa lenzi kwa sababu konea imechongoka, msihangaike madukani. Zile hutengenezwa kwa jicho la mtu mmoja. Vaeni miwani, na aliyewatengenezea atume nyingine kwa kampuni ya vifurushi.

Dawa: hapa ndipo penye hatari

Kuna aina tatu za chupa zinazofanana rafuni, na ukiwa nchi usiyosoma maandishi yake unaweza kuchukua yoyote.

Ya kwanza ni dawa ya kazi zote: husafisha, huua vijidudu, husuuza, huhifadhi. Ndiyo wengi wetu tuliyoizoea. Ya pili ni maji ya chumvi ya hospitali. Hayo yanasuuza tu, hayaui chochote, na ukilaza lenzi humo usiku kucha umeilaza na wadudu wake. Ya tatu ni ya haidrojeni peroksaidi, kama AOSept, iitwayo Clear Care huko Marekani. Ni dawa nzuri sana, lakini ikiingia jichoni kabla ya kupoozwa inaunguza kama pilipili kichaa. Huuzwa na kikasha chake maalumu cha kusimama chenye kifaa cha kuipooza, na lenzi lazima zikae humo saa sita au zaidi. Dalili yake dukani ni kikasha hicho kirefu, na mara nyingi kifuniko chekundu. Ukiona chekundu, simama usome. Kama huwezi kusoma, elekeza kamera ya simu na programu ya tafsiri.

Ya peroksaidi ikikuingia jichoni, toa lenzi mara moja na suuza jicho lenyewe kwa maji mengi au maji ya chumvi safi. Hapo ndipo maji yanaporuhusiwa, kwa sababu lenzi imeshatoka.

Usimimine dawa kutoka chupa kubwa kwenda kichupa cha manukato ili upite uwanja wa ndege. Kichupa hicho hakijauliwa vijidudu. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vimeweka kikomo cha mililita 100 kwa vimiminika vya mkononi, na kampuni za dawa hizi huuza chupa ndogo za safari zilizofungwa kiwandani. Wala usijazilizie dawa mpya juu ya ya jana kwenye kikasha. Mwaka 2006 dawa moja ya Bausch & Lomb, ReNu with MoistureLoc, iliondolewa sokoni duniani kote baada ya kuhusishwa na maambukizi ya fangasi ya konea. Iliyokuwa na makosa ni dawa yenyewe, lakini kujazilizia kulitajwa miongoni mwa mazoea yaliyoongeza hatari. Mwaga ya jana, weka dawa mpya, kila siku.

Jaribu kabla hujaondoka

Nawa mikono kwa sabuni isiyo na mafuta, ikaushe kwa kitu kisichoacha nyuzi. Weka lenzi kwenye ncha ya kidole: ikiwa kama bakuli, sawa, kingo zikifunguka nje kama sahani, imepinduka. Vaa, ukae dukani dakika 15 au 20. Fumba jicho moja, soma bango la ng'ambo ya barabara, kisha simu yako, kisha badilisha. Pepesa: lenzi nzuri husogea kidogo tu na kurudi. Ikiteleza kila upepesapo, imelegea. Ikiwa haisogei kabisa na ukiivua unakuta mduara mwekundu kwenye nyeupe ya jicho, inabana. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu mwanzoni hutahisi chochote.

Siku ya kwanza usivae zaidi ya saa sita hivi. Usilale nazo, hata kwenye ndege ya usiku. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu na lenzi hunyonya machozi yako.

Wakati wa kuacha kununua

Jicho likiwa jekundu, linauma, linakimbia mwanga, linatoa usaha au limepata ukungu usioisha ukipepesa, tatizo si lenzi iliyopotea. Vua zote mbili na uende hospitali ya macho siku hiyo hiyo, siyo baada ya mkutano. Maambukizi ya bakteria ya konea yanaweza kuharibu jicho ndani ya siku moja au mbili. Chukua lenzi na kikasha uende navyo bila kuviosha, daktari anaweza kutaka kuvipima. Usikubali matone ya macho ya kukisia kutoka duka la dawa, hasa yenye steroidi, kwa sababu hupunguza wekundu huku maambukizi yakiendelea kula ndani.

Mimi Dubai sikufikia huko. Kabla ya kuvaa tena lenzi nilikaa siku mbili na miwani ya bei nafuu niliyotengenezewa jioni ya siku ile ya duka la pili, fremu ya plastiki nyeusi iliyonifanya nifanane na mwalimu wangu wa hesabu, nikazunguka nayo mtaa wa Naif nikichagua viatu. Nikirudi Dar nilimpelekea mpimaji wangu foili za zile lenzi za siku moja, jina, BC, DIA na tarehe, akazibandika kwenye faili langu. Na picha ya boksi la bluu iko kwenye simu ya binti wa dada yangu, kwenye yangu, na moja nimeichapa nikaiweka ndani ya pasipoti.